Udongo wa Baba Mkwe

Mkamwana wangu Felista alipoletwa kwetu Kisiba, aliijua sauti ya fimbo ya mume wangu kabla hajaijua njia ya kisimani. Kwetu sisi Wanyakyusa mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Siku hizi vijana wamelegeza, wanakaa benchi moja kanisani na hakuna aliyekufa. Lakini mume wangu, mzee Anyelwisye, alilelewa na watu wa zamani, na alimheshimu Felista kwa namna aliyoijua yeye, yaani kwa kutomwona. Fimbo ikigonga mawe ya njiani, Felista anakunja na kuingia kwenye migomba. Felista akikohoa kisimani, mzee anageuka kuutazama mlima Rungwe kama hajawahi kuuona. Maneno yao yote yalipita kinywani mwangu. Nimebeba salamu zao na shukrani zao miaka na miaka, na sijamwaga hata moja.

Lukasi wangu alipofariki kwa homa, alimwachia Felista binti mmoja, Tulia, na shamba moja, lile la mteremko unaoangalia ziwa letu dogo.

Miaka hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa kila mtu. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa kwa kufuli lenye kutu, mbolea ya bei nafuu imekuwa hadithi, na wanunuzi wa kila aina wanapanda na malori yao mpaka vijijini, kila mmoja na bei yake mdomoni. Wanawake wa Kisiba wakaona nyanya ndiyo yenye akili: haimsubiri karani wa ushirika, ikiiva inapanda gari. Felista akapanda nyanya. Msimu wa kwanza watu walikuja kutazama tu. Wa pili zilipungua, akasema ni jua. Wa tatu mimea ilidumaa ikawa ya njano, na kila mchana ilinyauka, udongo chini yake umelowa maji. Jioni inainuka kama mgonjwa aliyeletewa wageni, kesho mchana inalala tena. Mwishowe haikuinuka.

Hapo ndipo Jotham alipopata la kusema. Jotham ni mtoto wa mdogo wake mzee, nimemlisha tangu hajui kufunga kaptula, na mdomo wake nimeulisha pia, ukanenepa kuliko yeye. Alikuja kukaa na mzee kibarazani, mimi nikiwa ndani napepeta mchele.

"Baba, ardhi ikimkataa mtu haisemi kwa mdomo," alisema. "Inanyausha. Lukasi alilima pale, palizaa. Mjane analima, pananyauka. Nipe nipande milingoti, hii mikaratusi. Watu wanajenga mjini, nguzo zinatafutwa."

Mzee akagongagonga fimbo chini mpaka nikamaliza ungo mzima. Kisha akasema, "Msimu mmoja. Asafishe shamba, apande tena. Akivuna bila ule mnyauko, shamba ni lake na la Tulia, na mtu asinifuate tena. Mnyauko ukirudi, hata kona moja, nitajua ardhi imesema. Utapanda milingoti yako."

Maneno hayo nikayabeba mimi. Felista alikuwa anakoka moto, akaendelea kuukoka.

"Mama," alisema, "milingoti ikishika ardhi haiachii. Na mimi nikikosa shamba nitakaa hapa nile nini? Nitarudi kwetu Lupepo. Tulia ni wa ukoo huu, atabaki."

Tulia alikuwa pembeni yake anamenya ndizi. Hakuinua kichwa, lakini kisu kilisimama.

"Basi tutafute kinachonyausha," nikasema. "Mpaka sasa tumetazama majani tu."

Tukang'oa mashina matatu, tukayafunga kwenye jani la mgomba, tukaenda Tukuyu mjini, Makandana, kwenye duka la mzee Saad. Babu yake alitoka pwani na vitambaa vya kuuza begani. Yeye aliuza betri, taa za kandili, mbegu za makopo na dawa za mashamba zilizoingia baada ya ruksa, zenye picha za mafuvu.

"Mama Lukasi, karibu. Mnyauko? Dawa ninayo," alisema, na mkono ulikuwa umeshafika rafuni.

"Baba, ngoja niione mizizi kwanza." Aliyesema hivyo ni binti yake, Rehana. Alikuwa anasomea wadudu wa mimea chuo cha kilimo, amekuja nyumbani kwa ajili ya Idi. Aliniamkia, akampa Felista pole ya msiba, akafungua jani.

"Mnamwona?" mzee Saad akatuambia. "Nimemsomesha ili aje kunifungia duka."

Rehana akaosha mizizi kwenye beseni. Maji yalipotulia tukaiona vizuri: haikuwa mizizi, ilikuwa mafundo, moja limeshikana na jingine, kama kamba iliyofungwa na mtu mwenye hasira.

"Mafundo tunayajua," nikamwambia. "Maharage nayo yanayo. Ni mbolea yake ile."

"Kweli, bibi. Sasa lile la maharage ukiligusa kwa kucha linabanduka, maana limekaa juu ya mzizi. Jaribu hili."

Nikajaribu. Halikubanduka. Lilikuwa ni mzizi wenyewe umevimba.

Akatoa hadubini ndani ya sanduku, akaiweka kwenye meza ya barazani ambapo kioo chake kinapata jua, akapasua fundo moja kwa wembe. Nilipoinama mara ya kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Mara ya pili nikaona kitu cheupe, kimejaa, kina shingo nyembamba, kama kibuyu kidogo cha maziwa.

"Huyo ni mama," alisema Rehana. "Mnyoo fundo. Alipozaliwa alikuwa mwembamba kuliko unywele. Aliingia kwenye ncha ya mzizi, akatembea ndani mpaka katikati, pale maji yanapopita, akakaa. Hatoki tena mpaka kufa."

"Anakula nini?" Felista aliuliza.

"Hapo ndipo palipo na maajabu. Angekuwa anatafuna, mzizi ungejua na kupigana naye. Hatafuni. Ana sindano mdomoni. Anachagua seli chache, anazichoma taratibu bila kuziua, halafu anatema mate."

Akavuta kigoda, akakaa kama mtu aliyeulizwa jambo alipendalo.

"Kila seli ya mmea, hata ya mzizi, imebeba maagizo yote ya mmea mzima. Jinsi ya kufanya jani, ua, tunda, jinsi ya kupigana na ugonjwa. Tunayaita jeni. Lakini kila seli inafungua yale ya kazi yake tu, mengine inayaacha yamefungwa. Sasa mate ya huyu mama yakiingia, yanabadilisha. Maagizo yaliyofungwa yanafunguliwa: kua, kua tena, jaza chakula. Yaliyokuwa wazi yanafungwa, na ya kwanza kufungwa ni yale ya kupigana. Seli inavimba inakuwa jitu, inafanya kazi usiku na mchana kumlisha yeye. Jirani zake nazo zinavimba. Ndiyo fundo. Wakubwa wetu wa vyuo vya mbali wenyewe wameanza kuyaona haya juzijuzi."

Felista alitazama ile mizizi muda mrefu. "Kwa hiyo mmea wangu haukuwa unaliwa," alisema. "Ulikuwa unatumwa."

"Ndivyo."

Mimi nikalielewa kwa njia ya jikoni. Mgeni anaingia jikoni kwa watu. Hampigi mtu, haibi sufuria. Anamwinamia mpishi sikioni na kumnong'oneza, na mpishi anaacha kuwapikia watoto, anaanza kupika karamu ya mgeni kwa kuni zile zile na unga ule ule. Watoto wanalia uani, jirani anasema nyumba hii ina njaa. Haina njaa. Moto unawaka mchana kutwa. Ndiyo maana majani yalinyauka udongo ukiwa umelowa.

"Basi dawa," akasema mzee Saad, kopo limeshafika kwenye meza.

"Dawa hiyo ni kali, baba, na shamba lao limeinamia ziwa. Halafu itaua wengi, wachache watabaki, na mmoja anataga mayai mamia." Rehana akaingia ndani, akarudi na kopo la mbegu ndogo zinazong'aa. "Haya ni marejea. Chuo kinawapa wakulima wajaribu. Mnyoo akinusa mzizi wa marejea anaingia kama kawaida. Anatembea, anakaa, anachoma, anatema mate. Na mzizi haumsikilizi. Maagizo hayafunguki, jitu halipatikani. Anakaa pale na njaa mpaka anakufa, wala hajataga."

"Anakaribishwa, hapikiwi," nikasema.

"Umesema vizuri kuliko mwalimu wangu, bibi. Pandeni shamba zima, msimu wote wa mvua, mkate, mfukie. Ndipo mpande nyanya. Miche muioteshe kwenye udongo uliochomwa moto. Jembe lioshwe. Na jambo moja msisahau: udongo wa mahali pengine usiingie mle, hata kikapu kimoja. Huyu hatembei mbali. Anabebwa."

"Mbegu zenyewe siuzi," mzee Saad akaguna. "Bure, jamani. Ruksa gani hii."

Mvua ziliposhika Felista akapanda marejea shamba zima, kutoka mpaka wa juu hadi wa chini. Yakaota, yakajaa, yakachanua manjano mpaka ukiwa ng'ambo ya ziwa unayaona. Kila mtu aliyepita alikuwa na la kusema. Kisimani waliuliza kama Felista analima maua ya harusi ya pili. Jotham alinikuta njiani akavua kofia.

"Shikamoo mama mkubwa. Mwambie shemeji kuwa hata milingoti ina maua. Meupe. Asihangaike."

"Marahaba. Nitamwambia umejifunza kutazama maua," nikamjibu. "Mkeo atafurahi."

Nyumbani mzee naye alikuwa anauliza, kwa kupitia chakula, kama kawaida yake.

"Amepanda nini yule?"

"Marejea."

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Yanauzwa?"

"Hayauzwi."

Akamega tonge, akalizungusha. "Basi kazi yake nini?"

"Yanakaribisha wageni, hayawapikii."

Tonge likarudi sahanini. "Hiyo si tabia njema," akasema. Nikajaribu kumweleza habari ya mate na maagizo. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri marefu, na mwisho alisema tu kwamba yule mwana wa watu anajitesa peke yake, na ardhi ya mteremko ilikuwa imechujwa na mvua, haina rutuba tena upande wa chini. Sikuyatilia maanani maneno hayo. Mzee ana maneno mengi ya udongo.

Mvua zilipopungua Felista akakata marejea, akayafukia. Alikuwa amechoma udongo wa kitalu kwenye bati, miche imeota kwenye makopo, mizuri. Asubuhi aliyopanga kuanza kupanda alikuja kwangu amebeba jembe, hajalima.

"Mama, njoo uone."

Upande wa chini wa shamba, kuzunguka lile jiwe ambalo Lukasi alikuwa ananolea panga, kulikuwa na ukanda mpana uliolimwa vizuri, matuta yamenyooka, na juu yake umemwagwa udongo mweusi tii, wa kunenepesha macho. Mwisho wake kikapu cha mwisho kilikuwa kimemwagwa kwa haraka, udongo ukachomoza kama ulimi.

Niliujua udongo ule. Ni wa bustani ya mzee, bondeni kando ya kijito, ambako alipanda ngogwe, zile nyanya chungu, nazo mwaka ule zilidumaa akasema uzee wake umeziambukiza. Na asubuhi kadhaa nilikuwa nimemsikia akiamka majogoo, nikadhani anaenda kwa ng'ombe. Mgongo wake huo ambao hauwezi kuinua ndoo. Alikuwa amebeba vikapu kutoka bondeni, akapanda mlima, akalima ukanda wa mkamwana wake na kuondoka kabla hajafika, ili wasionane.

"Ni baba mkwe wako," nikamwambia.

"Najua. Ameacha alama ya fimbo." Akachota udongo, akaupekua. Kulikuwa na kipande cha mzizi wa ngogwe. Kina mafundo.

Tukakaa kwenye jiwe la Lukasi.

"Nimwambie?" nikauliza.

"Utamwambia nini? Kwamba amenibebea wadudu kwa mgongo wake ule?"

"Basi tuuzoe, tuutupe."

"Zawadi ya baba mkwe, mama? Itupwe, na watu wanaona?"

"Usiupande basi. Uache wazi."

"Kuuacha wazi na kuutupa tofauti yake nini?" Aliuangusha ule mzizi. "Kama nitalipoteza shamba, nisilipoteze kwa kumtukana yeye. Nitaupanda. Ila nitamfungia huyo mgeni mlango."

Akachimba mtaro kuuzunguka ukanda wote, akiufuata udongo mweusi hatua kwa hatua, kuzunguka jiwe, mpaka kuzunguka ule ulimi wa kikapu cha mwisho. Maji ya mvua akayageuza yasipite mle na kuusambaza udongo ule. Ukanda ule aliupanda mwisho, akaupalilia mwisho kila siku, na jembe akaliosha kwenye ndoo kabla ya kulitoa. Mimi nikakaa na siri ile. Nilijua mzee akiambiwa ataumia, na akiona mwenyewe ataona. Kusubiri ndiyo kazi niliyoisomea.

Nyanya zikashika. Nimeona nyanya nyingi, lakini zile za juu ya mtaro zilikuwa zinakwenda kama zimeitwa. Majani meusi, mashina manene, matunda yanashuka kwa vichala mpaka Tulia akawa anaomba vijiti vya kuegemezea kwa majirani. Wale wa kisimani wakaacha kutaja harusi.

Chini ya mtaro nazo zilianza vizuri, udongo ulikuwa na mbolea kweli. Halafu mchana mmoja, zikalala.

Jotham hakukawia. Jumapili baada ya ibada alikuja na mzee, na wazee wengine wawili wa ukoo, na mchungaji akajikuta amefuata. Mimi nilitangulia. Felista aliposikia fimbo akaingia kwenye migomba iliyo pembeni ya shamba, akamshika Tulia mkono. Nilikuwa naiona kanga yake kati ya majani.

"Baba, tazama mwenyewe," Jotham alisema. Hakutazama juu kabisa, ambako matunda yalikuwa yanang'aa. Alienda moja kwa moja chini. "Mnyauko ule ule. Ulianzia chini hivi hivi mwaka ule, ukapanda. Ulisema hata kona moja. Hii si kona, ni ukanda."

Mmoja wa wazee akasema, "Hizi za juu lakini."

"Za juu zitafuata. Ulisema, baba."

"Nilisema," mzee akajibu.

Alisimama akaitazama ile mimea iliyolala. Kisha nikamwona anaanza kutembea kufuata ukingo wa mnyauko, taratibu, fimbo ikigusa chini. Mnyauko ulilizunguka jiwe la Lukasi, akalizunguka. Ulinyooka, akanyooka. Ulifika mahali ukachomoza kama ulimi ndani ya mimea mizima, na hapo alisimama muda mrefu sana. Hakuna aliyejua kwa nini ulimi, isipokuwa watu watatu, na mmoja alikuwa kwenye migomba.

Fimbo yake ikaingia kwenye mtaro. Akaupima kina. Akautazama ulivyokuwa unaufuata ule udongo mweusi kila ulipopinda.

"Shika," akaniambia, akanipa fimbo. Akapiga magoti, na magoti yake si ya kupigwa ovyo. Akang'oa shina moja la chini ya mtaro. Akanyoosha mkono ng'ambo, akang'oa la juu, na nyanya zake mbichi zinaning'inia. Akayaweka yote mawili juu ya jiwe la Lukasi.

La juu mizizi yake ilikuwa myembamba, mingi, myeupe, imetawanyika kama nywele za mtoto zilizooshwa. La chini ilikuwa mafundo matupu.

"Mama Lukasi," aliniita bila kugeuka. "Yule mgeni wa hadubini. Ulisema anatembea?"

"Hatembei mbali. Anabebwa."

"Anabebwa na nani?"

Mimi nikageuka kuutazama mlima Rungwe kama sijawahi kuuona.

Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na mchungaji akasogea akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashikilia jiwe.

"Jotham, mwanangu," alisema, "unajua mpaka huu nani ameuchora? Usitafute mizimu. Udongo huu ni wa bustani yangu ya bondeni. Nimeubeba mimi, kwa mgongo huu, alfajiri, nikajiona nina huruma kuliko watu wote wa Kisiba. Hapa," akagusa ule ulimi, "hapa ndipo nilipomsikia anakuja, nikamwaga kikapu nikakimbia. Mzee mzima."

Jotham akafungua mdomo.

"Funga kwanza. Nilisema ardhi ikinyausha nitajua imesema. Imesema. Ardhi ya Lukasi haijamkataa mke wa Lukasi. Imesafishwa na mikono yake, na palipo na mikono yake hakuna jani lililolala. Palipolala ni udongo wangu." Akausogeza mguu wake mpaka kwenye ukingo wa mtaro. "Na huyu mwana alijua. Alijua nimemletea nini, na alijua nimeapa nini, akaupanda hivyo hivyo ili nisiaibike. Nyie mnaomwita mjane aliyekataliwa, nani kati yenu amewahi kuheshimiwa namna hii?"

Yule mzee wa pili wa ukoo alikuwa ameshachuma nyanya ya juu anaifuta kwenye koti.

Mume wangu akasimama, nikamsaidia. Akageukia ziwa, mgongo wake umeielekea migomba, akapaza sauti ingawa mimi nilikuwa nimesimama ubavuni pake.

"Mama Lukasi, mwambie mkamwana: shamba hili ni lake na la Tulia. Wazee wamesikia, mchungaji amesikia. Nikifa leo, ni lake. Na mwambie ukanda wangu aung'oe, auchome, asinionee haya."

Nikatembea mpaka kwenye migomba, nikayasema yote, neno kwa neno, kwa mtu aliyekwisha kuyasikia. Felista alikuwa amekaa chini. Tulia alikuwa amemshika shingo kwa mikono miwili.

"Mwambie, ndaga fijo, asante sana," Felista alisema. "Mwambie udongo wake ulikuwa mzuri. Ulikuwa na wageni tu. Mwambie kopo la marejea lina mbegu zilizobaki, nimezitunza kwa ajili yake."

Nikarudi na maneno hayo. Na mzee, ambaye aliyasikia vizuri kama mimi, alisubiri niyamalize ndipo akaitikia kwa kichwa.

Wiki hiyo lori la kwanza lilisimama chini ya shamba. Matenga yalikuwa mengi kuliko wabebaji, na aliyebeba mengi zaidi ni Jotham, maana mzee alimwambia mwenye mdomo mkubwa lazima awe na bega la kuulinganisha. Tenga la nne alilitua mbele yangu, akajifuta jasho.

"Mama mkubwa, mwulize shemeji. Hayo marejea yanaota hata kwenye shamba langu la pilipili hoho? Nazo zinalala mchana."

"Kwani milingoti vipi?"

"Mwulize tu, mama mkubwa."

Rehana alikuja kuona kwa macho yake, na mzee Saad alikuja naye, akidai amekuja kumsindikiza binti tu, lakini akaondoka na tenga. Rehana aling'oa shina, akaigeuzageuza ile mizizi myeupe kwenye jua, akasema kwamba huko chuoni watamtaka aeleze. Felista akamwambia waje wenyewe, njia atawaonyesha yeye.

Mzee alinunua jembe jipya dukani Makandana. Hakulileta nyumbani. Alilichomeka katikati ya shamba la Felista, alfajiri, akaondoka, na ukilitazama ulijua maana yake: halitoki mle. Bonde lake lote akalipanda marejea, na mvua zilipokuja likachanua manjano kando ya kijito. Jioni anakaa juu ya gogo pale, fimbo magotini, na mtu akipita akimuuliza anafanya nini, mzee Anyelwisye, mtu asiyejulikana kumnyima mtu chakula tangu azaliwe, anamjibu kwa furaha kwamba ana wageni wengi sana chini hapo, na amewalaza na njaa.